Namba Sita za Bi Mwanabaraka

Ukifika Dunda ukaulizia nyumba ya Bi Mwanabaraka, nawe utaulizwa: "Yule wa mfuko?" Ndiye huyo. Mfuko wenyewe ni wa kitambaa cha kijani kilichofifia, na ndani yake zimo juzuu thelathini za Msahafu, kila juzuu imejaladiwa peke yake kwa karatasi ngumu na kushonwa mgongoni kwa uzi mnene. Aliurithi kwa mama mkwe wake. Mama mkwe aliurithi kwa nani, hakuna aliyewahi kuuliza. Msiba ukitokea, kabla sufuria la kwanza halijatelekwa, mtu hutumwa: "Kamwiteni Bi Mwanabaraka, na mfuko wake." Naye huja, hukaa mkekani, huzigawa juzuu mkono kwa mkono, na baada ya saa moja hivi Kitabu kizima kinakuwa kimesomwa kwa ajili ya marehemu. Hiyo ndiyo hitima.

Watu hudhani kugawa juzuu ni kazi ya mikono tu. Si kweli. Mgawaji lazima ajue nani anasoma mbio na nani anasoma kwa kusuasua, nani macho yake yamekwisha, nani kajifunza juzijuzi na anaona haya. Yule aliyejifunza juzijuzi, Bi Mwanabaraka humtilia mkononi juzuu ya mwisho, yenye sura fupifupi, bila ya kumwambia kwa nini. Kwa miaka ishirini na mitano hakuna mwanamke aliyeaibika mkekani mbele yake. Alikuwa akijivunia jambo hilo, kimyakimya.

Alizaliwa Kaole, akaolewa Dunda, akafiwa na mume angali na nguvu zake. Alimlea mwanawe mmoja, Muhidini, kwa kushona kofia za mkono. Kofia moja ilimchukua wiki tatu. Muhidini alipokua akaenda kufanya kazi Dar es Salaam, na mama akabaki na sindano zake, mfuko wake na jina lake. Jina lilikuwa kubwa kuliko nyumba aliyokuwa akikaa.

Kisha ikaja Korona. Wengine waliiogopa, wengine waliicheka, wengine waliicheka asubuhi na jioni wakajifunika blanketi kupiga nyungu. Milangoni zikawekwa ndoo za bomba na sabuni. Watu wakawa wanazikwa na wachache, matanga yanaanuliwa siku ileile, mikeka imekunjwa imeegemezwa ukutani. Mfuko wa kijani ukaning'inia msumarini mwezi mzima bila ya kuguswa.

Aliyemtoa kwenye unyonge ule alikuwa Mina, binti wa jirani yake Bi Adila. Mina alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, na alikuwa na mwavuli wake kando ya barabara, hapo anasajili laini za simu kwa alama za vidole na kuwasaidia wazee wasiojua wabonyeze wapi. Mtaa mzima ulikuwa umepitisha vidole vyake mkononi mwa Mina.

"Mama, hitima si lazima watu wakae mkeka mmoja," alisema, akiwa amesimama mlangoni na barakoa yake ya kitenge. "Nakuundia kundi la watsapu. Wewe unagawa juzuu humohumo."

"Nitampaje mtu juzuu kupitia kioo?"

"Humpi juzuu, unampa namba. Kila mtu ana Msahafu nyumbani kwake. Unaandika: juzuu ya tano, Bi Swaumu. Akimaliza anaandika: nimemaliza. Wewe unatia alama."

Basi ikawa hivyo. Kundi likajaa wanawake zaidi ya mia, wa Dunda, wa Kaole, na waliohamia Dar. Bi Mwanabaraka akajifunza kuandika kwa kidole kimoja. Asubuhi alikaa kibarazani na daftari: hii ya fulani, hii ya fulani, na wale wanaoona haya akawatumia juzuu ya mwisho kama kawaida yake. Mfuko ulibaki msumarini, lakini mgawaji alikuwa amerudi kazini.

Siku ile ya kwanza Mina alimwambia na jambo la pili. "Mama, sikiliza. Ikija meseji ina namba sita, hizo ndizo ufunguo wa nyumba. Usimpe mtu. Hata mimi nikikuomba, usinipe."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Nikikuomba, ujue nimeshaharibika."

Wakacheka wote wawili.

Miezi ile simu zilikuwa zimeota pembe. Kila siku meseji mpya: dawa ya Korona kutoka nje, kazi ya nyumbani yenye mshahara mkubwa, msaada kwa walioathirika. Chausiku, muuza mihogo ya kukaanga wa nyumba ya pembeni, alipata meseji kwamba ameandikiwa gunia la unga la msaada, atume tu ada ya kusafirishia. Akatuma. Gunia halikuja. Akina mama walipokuwa wakimsikiliza akilalamika, Bi Mwanabaraka, ambaye kwa kawaida si mtu wa maneno makali, alijikuta akisema:

"Wajinga ndio waliwao, mwenzangu."

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Chausiku alimkazia macho. "Cheka, Bi Mwana. Cheka tu. Dunia hii hakuna mwenye kinga."

"Kinga ni kichwa," alijibu Bi Mwanabaraka, na wakacheka tena.

Siku nne baadaye, baada ya sala ya adhuhuri, mwezi wa Ramadhani, alikuwa amekaa na kofia mapajani simu ilipolia. Ujumbe ulitoka kwa Nadhira, somo yake, waliyecheza naye Kaole tangu utotoni, sasa anakaa Dar. Ulisema: "Asalaam aleykum bibie. Tunaandaa hitima kubwa ya wote waliofariki na maradhi haya, toka Tanga mpaka Kilwa. Wagawaji wote wanasajiliwa. Utaletewa meseji yenye namba sita, ndiyo namba yako ya kugawia juzuu. Nirushie nikuandike kabla orodha haijafungwa."

Mtu mwingine angeshtuka. Lakini kwake yeye juzuu na namba vilikuwa vitu vilivyokwenda pamoja tangu ujana wake, na kwa wiki kadhaa hakuwa na kazi nyingine ila kuwapa watu namba. Tena, tuseme ukweli, yale maneno "toka Tanga mpaka Kilwa" yalimwingia. Aliuona mfuko wake wa kijani ukikua, ukifunika pwani nzima.

Kitu kimoja kilimgusa. Nadhira hakuwahi kumwita bibie. Tangu wangali wasichana alimwita somo. Sindano ilisimama juu ya kofia kwa kiasi cha kuvuta pumzi. Akajiambia: labda anawaandikia wengi kwa pamoja. Meseji yenye namba sita ikaingia. Chini ya zile namba palikuwa na maneno mengine, madogo. Hakuinuka kwenda kuchukua miwani. Akazinakili namba, akazituma, akaendelea kushona.

Magharibi ilipokaribia, kundi la hitima lilikuwa limetoweka kwenye simu yake. Nadhira hakuwa Nadhira. Simu ya Nadhira nayo ilikuwa imetekwa siku mbili kabla, kwa ujanja mwingine.

Mina alikuja mbio, akaishika simu, akabonyeza hapa na pale, uso ukabadilika.

"Wameingia, mama. Wameshatia na namba yao ya siri, hatuwezi kurudi mpaka zipite siku saba. Kuna mtu aliyekuomba zile namba sita?"

Bi Mwanabaraka alimtazama. Alikumbuka kicheko chao mlangoni. "Hapana."

"Hapana kabisa?"

"Nimekwambia hapana, Mina."

"Basi sijui wameingilia wapi," alisema Mina, akairudisha simu taratibu, kama mtu anayerudisha chombo ambacho hana hakika kama si yeye aliyekivunja.

Kwa siku zile saba mtu asiyejulikana aliandika kwa jina la Bi Mwanabaraka. Aliwaambia wale wanawake kwamba Muhidini amelazwa, pumzi haimtoshi, hospitali wanataka mtungi wa hewa; watume chochote kwenye namba fulani, jina litakalotokea wasilishangae, ni la muuguzi. Wa jirani walikuja kuuliza mlangoni wakaambiwa ni uongo. Aliyejaribu kuwaonya wenzake kundini, mwizi alimtoa. Wa mbali walituma. Zamani mtu akisikia kuna mgonjwa alijitanda kanga yake akaenda kumwona. Mwaka ule kwenda kumwona mgonjwa ndiko kulikoogopwa, na mwizi alilijua hilo kuliko kitu kingine chochote. Bi Swaumu wa Kaole, mwanamke mzee aliyekuwa akipewa juzuu ya tano kila mara, aliuza mbuzi wawili aliowaweka wachinjwe katika akika ya mjukuu wake. Alituma pesa zote, na chini akaandika dua ndefu ya shifaa, mgonjwa apone.

Polisi waliandika maelezo. Namba iliyopokea ilikuwa imeshazimwa.

Mwinyijuma, mwenyekiti wa mtaa, aliwaita watu uani kwake. Viti vilipangwa mbalimbali, kila mtu na barakoa yake. Alikuwa mtu wa haki, na aliuliza swali la haki.

"Bi Mwanabaraka, vijana wanatuambia hawa watu hawaingii mpaka wafunguliwe na mtu. Ulimpa mtu yeyote namba yoyote?"

Mbele kabisa alikaa Chausiku, kidevu kiganjani, macho yamemtoka kama mtu anayengojea chakula kipakuliwe. Bi Mwanabaraka aliyaona yale macho na akasikia maneno yake mwenyewe: wajinga ndio waliwao. Aliona mkeka, mfuko, miaka ishirini na mitano ya kuwafichia wengine aibu zao.

"Sikumpa mtu kitu," alisema.

"Basi nani mwingine aliyeishika simu yako?"

Alikuwa na nafasi ya kusema hakuna. Hakuisema. "Jana yake aliishika Mina. Alikuwa ananifutia picha."

Jambo hilo lilikuwa kweli. Mina aliishika simu siku hiyo, akafuta picha, akaondoka. Laiti ungekuwa uongo, pengine mtu angeutilia shaka. Lakini mambo ya kweli hayatiliwi shaka, na lile lilikwenda likafanya kazi yote ambayo uongo usingeiweza.

Mina alisimama. "Mimi? Mama, mimi?"

Bi Mwanabaraka aliangalia chini, akazikunja ncha za mtandio.

"Si ndiye anayetushika vidole wote hapa!" alisema Chausiku kwa sauti. "Nani mwenye namba zetu zote, kama si yeye?"

Hakuna aliyemshitaki Mina, kwa sababu hapakuwa na ushahidi. Mtaa hauhitaji ushahidi. Chini ya mwavuli wake hapakuja mtu tena kusajili laini. Wazee walikwenda mpaka sokoni kwa miguu kuliko kumpa kidole. Asubuhi moja alikuta kigoda chake kimeandikwa kwa mkaa neno moja, MWIZI. Watu waliokuwa wamepeleka posa kwao walituma ujumbe kwamba jambo lile lingoje kidogo, na lile kidogo halikwisha. Kabla ya Idi ya kuchinja Mina aliondoka kwenda Chalinze. Mwaka uliofuata mama yake akamfuata, nyumba ikapangishwa kwa watu wa mbali.

Siku ya kuondoka Bi Adila alikuja kuaga. Alimwamkia Bi Mwanabaraka, akamshika mkono, akasema: "Mwanangu ameapa kwamba si yeye. Mimi ni mama yake, nitamwamini. Lakini wewe sikulaumu, jirani. Ulisema ulichokijua." Bi Mwanabaraka alisimama mlangoni mpaka bodaboda iliyobeba mizigo ikakata kona. Alikuwa na maneno manne tu ya kusema, "nilizitoa mimi zile namba," na yote yalikuwa mdomoni.

Korona ikapungua, mikeka ikakunjuliwa. Mfuko wa kijani ukarudi misibani. Alizigawa juzuu kama zamani, na wanawake walizipokea kwa mikono miwili. Mara nyingine alipokuwa akimtilia mtu juzuu ya mwisho kwa siri, alijiuliza alijifunza wapi kuwasitiri watu, na kwa nini usitiri ule ulimshinda siku moja tu, kwa mtu mmoja tu.

Alipopata kofia tatu za kuuza kwa pamoja alimnunulia Bi Swaumu mbuzi jike, akampelekea Kaole, akasema ni zawadi. Kikongwe alilia. "Mungu akulipe, mwanangu. Nawe uliibiwa jina lako, lakini umenikumbuka mimi. Yule binti mwizi, Mungu atamwona. Namwombea mabaya kila baada ya sala." Bi Mwanabaraka aliitikia amina. Ilimtoka tu, kama mtu anavyoitikia dua. Akatembea njia nzima ya kurudi Dunda akiwa na amina ile kooni.

Mwaka wa tano Muhidini alimpigia simu kwa furaha. "Mama, jiandae. Nimekulipia umra."

Sasa, pwani yetu mtu hasafiri kwenda Makka hivihivi. Kwanza hupita nyumba hadi nyumba akiomba radhi. Husimama mlangoni na kusema: nisamehe niliyokukosea, ninayoyajua na nisiyoyajua. Mwenye nyumba hujibu: nimekusamehe, nawe nisamehe, na ukifika uniombee. Husameheana kabla kosa halijatajwa, na kwa watu wengi inatosha, maana makosa ya watu wengi ni madogo.

Bi Mwanabaraka alipita Dunda siku tatu. Kila mlango ulimsamehe. Kila alivyosamehewa ndivyo alivyozidi kuwa mzito, kama mtu anayepewa mizigo ya watu awasafirishie. Hata Chausiku alimsamehe, mwiko mkononi, mafuta ya mihogo yakichemka nyuma yake.

"Nimekusamehe, Bi Mwana. Ingawa ulinicheka sana mwaka ule."

"Nisamehe na kwa hilo."

"Nalo nimelisamehe. Kwani hayakukufika na wewe?"

Siku ya nne alipanda gari la Chalinze.

Alimkuta Mina katika kibanda cha mbao karibu na maegesho ya malori. Alikuwa akisajili laini, akichajia madereva simu, akiuza vioo na makava. Alikuwa amenenepa kidogo, na usoni ametulia kama mtu aliyezoea kutomwamini mteja. Juu ya meza, kwenye kipande cha boksi, alikuwa ameandika kwa kalamu nene: NAMBA ZA SIRI USINIAMBIE, HATA MIMI.

"Shikamoo," alisema Mina. Hakuongeza mama.

"Marahaba. Hujambo, mwanangu? Mama hajambo?"

"Hajambo. Yupo nyumbani, miguu inamsumbua."

Dereva mmoja aliinama dirishani. "Sista, simu yangu imejaa?"

"Asilimia sabini. Kunywa chai kwanza, urudi."

Bi Mwanabaraka alingoja dereva aende. Kisha akasema maneno aliyoyasema milango yote ile, nisamehe niliyokukosea, ninayoyajua na nisiyoyajua. Aliyasema upesi. Alijua kwamba anayasema upesi.

Mina aliweka chini kitambaa alichokuwa akifutia kioo cha simu. "Unaomba msamaha wa kitu gani?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo. "Wa yote, mwanangu."

"Yote yana majina."

Lori lilipita likapiga breki, vumbi likaingia kibandani. Lilipotulia Mina alisema, taratibu, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa ukutani: "Zile namba ulizitoa wewe."

"Nilizitoa mimi."

"Nani alikuomba?"

"Nadhira. Nilidhani ni Nadhira. Aliniambia ni namba ya juzuu, ya hitima kubwa."

Mina alicheka kidogo, kicheko kisicho na kitu ndani. "Namba ya juzuu. Kumbe." Akajifuta vumbi usoni. "Unajua mimi nimekuwa nikifanya nini miaka mitano hii? Kwamba mlinizulia, nilishazoea. Lakini nilikuwa najiuliza kama kweli ni mimi. Kama nilipokuwa nafuta picha niliacha kitu wazi. Nilikuwa naamka nakumbuka nilibonyeza wapi kwanza, wapi pili. Nikajiona labda kazi hii siijui."

"Nisamehe, Mina."

"Hapa? Nyuma ya malori?" Sauti yake haikupanda. "Neno lile ulilisema mbele ya watu. Nikikusamehe hapa, wewe utaondoka mwepesi, mimi nitabaki mwizi wa Dunda."

"Unataka nifanye nini?"

"Mimi sitaki kitu. Anayekwenda Makka ni wewe." Akanyoosha kidole kuelekea barabarani. "Gari lako lile linajaza. Usiliache."

Jumapili, baada ya alasiri, siku tatu kabla ya safari, akina mama walikuja kumsomea dua ya kumuaga. Uani palijaa. Bi Swaumu aliletwa kutoka Kaole, akaketishwa mbele. Bi Mwanabaraka aligawa juzuu mwenyewe, mkono kwa mkono. Zikasomwa, zikarudi mfukoni. Ubani ulikuwa unafuka. Ulikuwa umefika wakati wa mwenye safari kusema yale maneno, na wenzake kuitikia kwa pamoja kwamba wamemsamehe. Aliona midomo imeshajiandaa.

Alitoa simu, akaiweka mkekani mbele yake, akabonyeza kitufe cha kurekodi sauti. Kundi la hitima lilikuwa bado lipo, pamoja na wale wa mbali waliotuma. Mwizi aliweza kuandika kama yeye. Sauti yake hakuiweza, na sauti hii kila mmoja wao aliijua.

"Nataka kuwaomba radhi," alisema. "Lakini msijibu kwanza."

Kisha akayasema yote. Namba sita alizitoa yeye. Mina alikuwa amemwonya, naye akasahau. Aliona neno "bibie" halikukaa sawa, akalipuuza. Mina alimuuliza, akakana. Mwenyekiti alimuuliza, akakana, na alipoambiwa amtaje aliyeishika simu akamtaja mtoto asiye na kosa, kwa sababu alimwona Chausiku amekaa mbele na akaogopa kuchekwa. "Binti wa Adila si mwizi," alimalizia. "Hakuwahi kuwa mwizi hata siku moja. Mlimkataa kwa neno langu." Akainua kidole, sauti ikaenda: kwenye kundi, kisha kwa Mina.

Chausiku ndiye aliyekuwa wa kwanza kufungua kinywa, na Bi Mwanabaraka akangojea kile alichokikimbia miaka mitano.

"Uliogopa mdomo wangu mimi?"

"Ndiyo."

"Mdomo huu wa mihogo?" Chausiku aliufunika kwa kiganja, akauondoa. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na hasira ilikuwa palepale. "Ningekucheka siku mbili, mwanamke wewe! Siku mbili tu. Ya tatu ningekuletea futari. Na mimi niliyemwita mtoto wa watu mwizi, nikasema anatushika vidole, mimi nimwambie nini sasa?"

Wengine walianza kunyanyuka. Mmoja alichukua viatu vyake bila ya kuaga. Aliwahi kutuma pesa na yeye, na dada yake alikuwa miongoni mwa waliohama mwavuli wa Mina. Hakuna aliyesema nimekusamehe. Hakuna aliyesema sikusamehe.

Bi Swaumu hakuondoka. Alikuwa ameinamisha kichwa, ushanga wa tasbihi umelala mkononi.

"Mbuzi nilishawasahau," alisema mwisho. "Hata ungeninyima yule mmoja ningesahau. Lakini yule mtoto nimemwapiza, Mwanabaraka. Kila baada ya sala, miaka mitano. Nawe uliitikia amina, nilikusikia. Zile dua zangu zimekwenda wapi?"

Bi Mwanabaraka alijua Msahafu wote kwa juzuu zake, alijua kila moja inaanzia wapi na inaishia wapi. Hili hakulijua. "Sijui, bibi."

Simu ikatikisika mkekani. Alivaa miwani kwanza, safari hii, kisha akasoma. Ujumbe ulitoka kwa Mina, neno moja: Nimesikia.

Aliusoma ule ujumbe mara tatu akitafuta neno la pili. Halikuwepo. Akauonyesha kwa Bi Swaumu, ambaye haoni maandishi madogo, ikabidi amsomee.

"Amesema amesikia."

"Basi?"

"Basi."

Kikongwe akapapasa pembeni akitafuta fimbo yake. "Gari la kwanza la Chalinze linatoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi, bibi."

"Nitalala hapa kwako. Uniamshe." Aliinuka kwa taabu, mkono mmoja kwenye fimbo na mwingine kwenye bega la Bi Mwanabaraka, akaegemea kwa uzito wake wote. "Usidhani nakusindikiza wewe. Kila mmoja ana lake la kumwambia."

Chausiku, aliyekuwa amefika mlangoni, alisimama. Hakugeuka. "Wekeni nafasi tatu," alisema, akatoka.